Ukuta wa Uppsala haukai Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wazee wote mnaonitazama. Mkinisikia nahema, ni baridi tu. Leo hapa Uppsala, Uswidi, nyuzi 9 chini ya sifuri, na simu yangu hii ikikaa nje dakika tano inajizima yenyewe. Basi tuingie humu, ndani ya nyumba tunayoijenga. Wenzangu wamekwenda kunywa kahawa, nina robo saa.

Tangu nianze kuwaonesha kazi yangu, swali ni lile lile: "Kaka, najenga, nipige ukuta gani usioingiza joto?" Na wengi mnautaka huu hapa. Haya, utazameni vizuri, sehemu hii bado iko wazi.

Nje kabisa ni mbao. Nyuma ya mbao pana nafasi ya hewa, kama vidole viwili. Kisha bodi ya kuzuia upepo. Kisha nguzo za mbao, na katikati yake hii, sufi ya mawe, jumla sentimita 25. Ni mawe kweli, yameyeyushwa yakafanywa nyuzi nyuzi kama pamba. Inawasha hii, usiishike bila ya glavu. Sentimita 4 zake zinazuia joto kuliko mita nzima ya zege. Halafu, na hapa ndipo penye kisa changu, nailoni. Iko upande wa ndani, na kila kiungo kimezibwa kwa utepe. Juu yake bodi ya jipsamu, basi.

Kwa nini nailoni iko ndani? Watu humu wanapika, wanaoga, wanalala milango imefungwa. Hewa yao ina joto na ina maji. Ikipenya ukutani ikakutana na baridi ya nje, yale maji yanageuka matone humo humo, na mbao zinaoza. Nailoni inaizuia mapema, huku kwenye joto.

Na mie, fundi wa miaka sita ughaibuni, nikauchukua ukuta huu nikaupeleka kwetu Pemba, Limbani, Wete, chumbani kwa mama.

Nyumba yenyewe ya matofali ya inchi 6, ya kawaida. Nikamwambia fundi apige mbao kwa ndani, ajaze sufi niliyoituma, atie nailoni, afunge jipsamu. Kiyoyozi nikawaambia wakiweke nyuzi 20, mama alale kama malkia. Ami yangu, ambaye ni mwashi wa siku nyingi, alikuja akatazama, akaupapasa ukuta kwa kiganja, akasema, "Mwanangu, na maji yakiingia humu yatokee wapi?" Nikamjibu kuwa hayaingii, ami, ndiyo kazi ya nailoni. Hakunijibu kitu. Akaenda zake kusali.

Masika ikaingia. Mama akanipigia simu, wala hakulalamika, maana mama hajui kulalamika. Kasema tu, "Chumba kizuri, ila kinanuka jamvi lililonyeshewa." Nikamwambia afungue madirisha. Mwezi uliofuata nguo za sandukuni zikaanza kuota ukungu wa kijani. Kanga ya harusi ya dada yangu, jamani, ina madoa kama mgongo wa chui. Tukabandua bodi moja. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikaiona kwa macho yangu: mgongo wa nailoni unatiririka maji, sufi imelowa ukiibinya inachuruzika kama dodoki, na mbao za chini ukizitia msumari unazama kwa kidole.

Kilichotokea ni kitu mnachokiona kila siku. Toa soda kwenye friji, iweke barazani. Chupa inatoka jasho, na jasho lile linatoka kwenye hewa ya nje, halitoki ndani ya soda. Chumba cha mama kilikuwa ndiyo chupa. Kwetu hewa yenye joto na maji iko nje, na baridi ya kiyoyozi iko ndani. Tofali nalo linanyonya mvua. Unyevu ukawa unasafiri kuja ndani, unakutana na nailoni iliyopoa, unageuka maji. Nailoni yangu ilikuwa upande usio wake.

Wala msidhani wenyeji wa huku hawakosei. Waswidi walijenga nyumba nyingi za fremu za mbao, wakabandika povu jeupe kwa nje na kupiga plasta juu yake, bila ile nafasi ya hewa. Mvua ikapenya pembeni mwa madirisha, ikakosa pa kutokea, nyumba zikaoza. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Juu mwaka 2015, na wenye nyumba wakapewa haki yao. Tena kwetu povu lile lina mgeni mwingine. Mchwa halili, ila analitoboa akapita kama barabara ya lami.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo pesa inapopotea. Leo humu ndani ni nyuzi 21, nje 9 chini ya sifuri. Tofauti 30. Wete kaskazi kali nje nyuzi 32, wewe umeweka kiyoyozi 25. Tofauti 7! Ukuta wa sentimita 25 za sufi kwa nyuzi 7 ni kuvaa koti la manyoya ukaenda kuogelea pwani ya Vumawimbi.

Joto letu halitoki ukutani kwanza, linatoka juu. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba jua la mchana linasimama utosini. Wakati huo kivuli cha paa tu kinatosha kuukinga ukuta. Bati ndilo linalopigwa, na bati kavu la saa saba mchana linaweza kupita nyuzi 60. Unakaa chini yake na dari ya ubao mwembamba, halafu unalaumu tofali?

Kwa hiyo kama una sufi, au una pesa ya sufi, ipeleke darini. Chini ya bati tandaza ile karatasi inayong'aa, uiachie nafasi ya hewa upande unaong'aa, ikigusana na bati haifanyi kazi. Acha matundu chini ya paa na kileleni hewa ipite. Bati jeupe ni bora kuliko jekundu, najua jekundu ndilo linalopendeza kwenye picha. Ukutani, pande za kukinga ni mbili, mashariki na magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri linakuja limelala na ukingo wa paa hauliwahi. Huko weka baraza, weka jiko, weka choo, panda mti. Chumba cha kulala usikiweke magharibi.

Najua kuna atakayeniambia mbona Mji Mkongwe kuta ni nene nusu mita na ndani baridi. Kweli. Lakini kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinanyonya maji na kuyatoa. Waliokuja baadaye wakazipiga plasta ya saruji, chumvi na maji vikafungiwa ndani, plasta ikaanza kubanduka. Tena nyumba zile zina dari za juu na vichochoro vinavyokingana jua. Ukichukua unene peke yake, mchana utapoa, usiku ukuta unakurudishia joto lote ukiwa kitandani.

Na mchanga wa pwani, tafadhali, msiujengee. Chumvi yake inakula nondo. Hilo sina la kuongeza.

Chumba cha mama tulikivua chote. Ukuta ukabaki tofali na plasta, tukapaka chokaa. Sufi iliyopona tukaipandisha darini, paa tukalitoa nje futi tatu upande wa magharibi, na ami akajenga baraza chini yake. Siku hizi kiyoyozi hakiwashwi mpaka jioni, na hakishuki chini ya 25. Mama amerudi kulala humo tangu kaskazi. Sanduku la nguo bado liko chumbani kwa dada. Anasema atalirudisha masika ikipita.