Kenny Dalglish, Zaidi ya Magoli

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Najua humu ndani Liverpool ina mashabiki wengi, na wengi wenu mnamjua Dalglish, mchezaji na kocha wake wa zamani, kwa jukwaa la Anfield, uwanja wa Liverpool, lililopewa jina lake mwaka 2017. Leo nataka tumjue mwenyewe.

Kenneth Dalglish alizaliwa Glasgow, Scotland, tarehe 4 Machi 1951. Alikulia karibu na Ibrox, uwanja wa Rangers, na utotoni Rangers ndiyo iliyokuwa timu yake. Lakini waliomsajili ni mahasimu wao, Celtic, chini ya kocha Jock Stein. Huko alichukua mataji na kufunga magoli 167, kisha mwaka 1977 Liverpool wakamnunua kwa pauni 440,000 avae jezi namba 7 iliyoachwa na Kevin Keegan.

Mashabiki waliomlilia Keegan walinyamaza mapema. Dalglish hakuwa na mbio za kutisha. Alichokuwa nacho ni mgongo na macho. Alipokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, beki amemganda, na tayari ameshajua mwenzake yuko wapi. Mshambuliaji mwenzake Ian Rush alifunga magoli mengi kwa sababu alijua akikimbia tu, pasi ya Dalglish itamkuta. Mimi namweka juu ya wafungaji wengi wenye magoli kuliko yeye kwa sababu hiyo hiyo: alicheza kwa ajili ya aliye pembeni yake. Na kufunga alijua pia. Fainali ya Kombe la Ulaya 1978, Wembley, dhidi ya Club Brugge: Mskoti mwenzake Graeme Souness alimpenyezea mpira, akamsubiri kipa alale, akaudokoa juu yake. Moja bila. Makombe ya Ulaya alibeba matatu, na timu ya taifa ya Scotland aliichezea mara 102, rekodi ambayo bado haijavunjwa na mwanamume yeyote.

Mwaka 1985 akawa kocha huku bado anacheza. Msimu wake wa kwanza tu, Liverpool walichukua ligi na Kombe la FA, na goli lililoamua ubingwa, kule Chelsea, alifunga yeye.

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Tarehe 15 Aprili 1989, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Nottingham Forest. Mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vilivyofurika. Waliopoteza maisha kwa mkasa ule wamefika 97. Polisi waliwatupia lawama mashabiki wenyewe, na familia zilipigana miaka 27 hadi jopo la mahakama lilipotamka, mwaka 2016, kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa.

Dalglish alikuwa na umri wa miaka 38. Alifungua milango ya Anfield, yeye na mkewe Marina wakakaa na wafiwa. Alihakikisha klabu ina mwakilishi katika kila maziko. Yeye mwenyewe alihudhuria mengi, na siku moja alizika mara nne. Kumbukeni pia kwamba alikuwepo Ibrox mwaka 1971 walipokufa watu 66, na alikuwa mchezaji usiku wa mkasa wa uwanja wa Heysel, Ubelgiji, mwaka 1985, walipokufa 39. Hakuna aliyemfundisha kubeba misiba ya namna hiyo.

Februari 1991, siku mbili baada ya sare ya 4-4 na Everton, alijiuzulu. Timu ilikuwa inaongoza ligi! Watu walishangaa, lakini mwili na akili vilikuwa vimechoka, na kusema hivyo hadharani zama zile, kwa mwanamume wa mpira, kulihitaji ujasiri mkubwa.

Alipumzika miezi michache tu, kisha akaenda Blackburn Rovers, iliyokuwa daraja la pili. Akaipandisha, na mwaka 1995 ikawa bingwa wa Uingereza. Siku ya mwisho walifungwa 2-1, lakini Manchester United walitoa sare na West Ham, kombe likawa la Blackburn. Uwanja walipofungwa ulikuwa Anfield, na mashabiki wa Liverpool, ambao timu yao ndiyo iliyoshinda, walisimama kumshangilia Dalglish.