Msiizibe Baraza: Mhadhara Kuhusu Mabangalo ya Unguja

Assalamu alaykum. Wakubwa zangu, na nyinyi vijana mliojibanza nyuma kama mnaogopa kuulizwa, karibuni mbele.

Habari za Mji Mkongwe kuandikwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 mnazijua, naziruka. Mimi nazungumzia nyumba ambazo hazina mtalii wa kuzipiga picha: mabangalo ya maofisa wa Kiingereza, yaliyojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, chini ya miembe, kuanzia mtaa wa Vuga kwenda juu.

Tuanze na ukuta. Ndiyo, tena! Wanaonijua wameshaanza kuguna. Ukuta wa nyumba hizo ni mawe, chokaa na udongo. Chokaa yenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwa magogo, yakamwagiwa maji, yakaachwa mpaka yakatulia. Ukuta wa namna hiyo masika hunywa unyevu, jua likitoka huutoa. Sasa mwenye nyumba anaona rangi imebanduka kidogo, anamwita fundi, fundi anapiga lipu ya saruji ndani na nje. Inang'aa! Majirani wanasifu. Lakini maji yaliyomo ukutani hayana tena pa kutokea. Yanapanda, chumvi inapanda nayo, udongo ulioshika mawe unalainika, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza bila mtu kuviona. Siku lipu inapoanguka, inaanguka na vipande vya mawe. Hapo ndipo anapokuja bwana na faili kwapani: "Nyumba hii imechakaa, ivunjwe." Imechakaa wapi? Mmeiua wenyewe, kwa fedha zenu, na fundi mkampa na chai.

Baraza nayo. Ile baraza pana inayoizunguka nyumba ndiyo inayolizuia jua lisipige ukuta, na milango imepangwa inatazamana ili upepo wa kusi uingie huku utokee kule. Mwenzangu mmoja aliiziba yake kwa matofali apate vyumba vya kupangisha. Nyumba ikawa tanuri, akanunua kiyoyozi, sasa ananipigia simu kulalamikia bei ya umeme. Nimemwambia avunje matofali. Hajanipigia tena.

Najua yupo atakayesema: "Mzee, hizo ni nyumba za mkoloni, zinatuhusu nini?" Mwanangu, sikusema zilijengwa kwa mapenzi. Madaktari wa serikali za kikoloni walihimiza Mzungu alale mbali na mwenyeji, eti malaria inatoka majumbani mwetu. Ule uwanja mkubwa unaouona umeizunguka nyumba umebeba fikra hiyo. Ukiifuta, mjukuu wako utamwonyesha nini? Maneno matupu?

Tena tufanye hesabu. Bangalo la 1912, Muingereza amelikaa mpaka uhuru, Disemba 1963: miaka 51. Tangu hapo tumelikaa sisi, na miaka 60 imeshapita. Harusi, matanga, watoto waliozaliwa humo. Nyumba ya nani hiyo?

Na mikono iliyojenga? Tunamsifu John Sinclair, msanifu majengo wa Kiingereza, kwa Mahakama ya Vuga ya 1908 na Beit el-Amani, jumba la makumbusho lililofunguliwa 1925. Sawa, alichora vizuri, sina ugomvi naye. Waliochoma chokaa, waliokata boriti mikokoni, waliobeba mawe kichwani, mmeona kibao chenye majina yao? Kazi yao ndiyo hizo kuta.

Mtasema Serikali itahifadhi. Beit el-Ajaib, jumba la 1883 linalotazamwa na dunia nzima, liliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakafariki. Basi bangalo lililo nje ya mpaka wa hifadhi, lisilo hata kibao mlangoni, litasalimika kwa dua?

Nilitaka kuwaeleza habari za mapaa, na jiko la nje, na vyumba vya watumishi, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Pemba nayo, Wete, Chake, Mkoani, nimeionea kabisa leo, ndugu zangu wa kule mnisamehe. Ninachotaka ni kitu kidogo: kabla hamjapiga lipu, piteni kwa fundi wa chokaa. Mmoja amekaa pale, mwenye kofia nyeupe, na kazi anaitafuta.

Haya, maswali. Atakayeuliza kwa nini tusivunje tukajenga ghorofa, kwanza aniambie magari ya wapangaji wote yataegeshwa wapi.