Kigae Kikishapita Motoni

WAMBUI: Hamjambo wasikilizaji, tuko Nakuru. Kiprono ameingia studio na mfuko wa unga, ila ndani si unga.

KIPRONO: Ni vigae vilivyovunjika, dada. Nimeviokota kwenye mjengo huko Free Area. Viwandani navyo hutupwa, tena kwa malori. Hebu tia tone la maji mgongoni mwa hiki.

WAMBUI: Limenyweka lote!

KIPRONO: Sasa kigeuze.

WAMBUI: Hapa linateleza tu.

KIPRONO: Basi. Kigae cha ukutani hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, lakini uso wake ni kioo, na simiti haishiki vizuri kwenye kioo. Mwaka jana nilifyatua kabro nikatia vipande vikubwa hivihivi. Gari la kwanza kupita, zikapasuka. Iliniuma sana.

WAMBUI: Pole. Lakini kwa nini visirudishwe tu kwenye udongo?

KIPRONO: Kikivunjika kikiwa kibichi, hurudishwa, kikalowekwa na kusagwa upya. Kikishapita kwenye tanuri la nyuzi zaidi ya 1,100, udongo huo haufinyangiki tena. Dawa yake ni kukisaga, kiwe laini kama simiti yenyewe.

WAMBUI: Unga huo unashika?

KIPRONO: Peke yake, la. Simiti ikikutana na maji hutoa chokaa. Silika na alumina, madini yaliyo kwenye unga wa kigae, huikamata chokaa ile, yakafanya gundi ileile inayoshikanisha zege. Warumi walikuwa wakiponda matofali na vyungu, wakachanganya na chokaa, wakapaka matangi yao ya maji.

WAMBUI: Nasi tunaoishi chini ya Menengai tuna jivu la volkano.

KIPRONO: Hapo umenena! Tazama mfuko wa simiti ulioandikwa CEM IV/B. Asilimia 36 hadi 55 ni pozolana, yaani unga unaoikamata chokaa vivyo hivyo, na hapa Kenya hutoka kwenye miamba ya volkano. Unga wa kigae ni ndugu yake. Kila kilo ya klinka, yaani jiwe la chokaa na udongo vilivyochomwa ili visagwe kuwa simiti, unayoipunguza ni kilo ambayo haikuchomwa kwa nyuzi 1,450, na jiwe la chokaa halikutoa kaboni yake hewani. Ndiyo maana naumia nikiona vigae vikifukiwa.

WAMBUI: Vijana wakianza kusaga kesho, uwaambie nini?

KIPRONO: Vumbi! Lina silika, na likishaingia mapafuni halina dawa. Wasage na maji, wavae barakoa ya maana, si kitambaa. Tafadhalini, vijana wangu.

WAMBUI: Na kabro zako?

KIPRONO: Nimefyatua nyingine kumi. Katika kila sehemu tano za simiti, moja nimeweka unga wa kigae. Unga huu hukomaa polepole, kwa hiyo lazima zisikauke. Nimezifunika magunia, na mama anazimwagilia asubuhi na jioni. Siku ya 28 nazipeleka maabara zikabanwe kupima nguvu yake.

WAMBUI: Siku hiyo nitakuja nawe.