Wimbo wa Kuoteshwa Una Mtunzi

Mwangaluka, wazee wangu, walimu wenzangu wa kwaya, na ninyi vijana mliokuja na madaftari.

Hapa Tabora sina haja ya kueleza maana ya kuoteshwa. Mganga ukimuuliza mti huu wa dawa ameujulia wapi, atakwambia ameonyeshwa na babu yake aliyekwisha kufa. Mwaka 2011 watu walisafiri kutoka kila pembe ya nchi kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa, kwa kuwa mchungaji mstaafu alisema ameoteshwa. Na sisi wa kwaya tunaye mwenzetu anayekuja mazoezini na karatasi iliyokunjwa mara nne, anasema, "Mwalimu, huu nimeoteshwa." Waswezi nao, wale wa chama cha mizimu, wakipandisha, anayeimba pale si yule mama mnayenunua kwake mchele. Tunaambiwa ni mzimu, na mama yule ni kiti chake tu.

Nimekuja kuzungumza juu ya kiti. Habari za mzimu waachieni wenye elimu yake.

Kule London, katika mtaa wa Balham, aliishi mama aliyeitwa Rosemary Brown, aliyezaliwa 1916. Mumewe alifariki 1961, akamwacha na watoto wawili, naye akafanya kazi katika jiko la shule. Nyumbani alikuwa na piano ya mtumba, na masomo ya piano aliwahi kuyapata kidogo. Kuanzia 1964 akasema anajiwa na Franz Liszt, mpiga piano mashuhuri wa Hungaria aliyefariki 1886. Tena alisema hakuwa mgeni kwake, kwani alimtokea tangu akiwa na miaka saba: mzee mwenye nywele nyeupe ndefu na vazi jeusi kama la padri. Liszt akawa kama kiongozi wa msafara, akawaleta watunzi wenzake wa Ulaya: Chopin, Schubert, Brahms, Bach, Beethoven, Debussy, Rachmaninoff. Marehemu watupu, na kila mmoja na nyimbo mpya.

Sikilizeni jinsi kazi ilivyofanyika, maana hapa ndipo ninapopapenda. Alisema Liszt huiongoza mikono yake kwa vipande vichache, kisha yeye anaandika. Chopin humtajia nota na kuvisukuma vidole vyake mpaka kwenye vibao sahihi. Schubert alijaribu kumwimbia, lakini sauti yake haikuwa nzuri. Beethoven na Bach walipendelea kuketi na kumsomea nota moja baada ya nyingine. Wote walizungumza naye Kiingereza. Ninyi mliowahi kunukuu wimbo kutoka kinywani mwa mzee kijijini mnaijua kazi hii. Anaimba, unamsimamisha, unamwomba arudie, huna hakika kama ni nota ya la au ya ti, yeye anaurudia tofauti na mwanzo. Ukurasa mmoja unakumalizia mchana mzima. Mama huyu aliandika kurasa kwa mamia, huku akiwa na watoto wa kulea na kodi ya kulipa.

Mwaka 1969 BBC walikwenda nyumbani kwake. Mbele yao alipokea kutoka kwa Liszt kipande kilichoitwa Grübelei. Mkono mmoja unakwenda kwa mapigo matano ya robo, mwingine kwa mapigo matatu ya nusu. Mwenye kinanda nyumbani ajaribu jioni, ataona ugumu wake. Mama mwenyewe hakuweza kukipiga sawasawa. Humphrey Searle, mtunzi aliyebobea katika kazi za Liszt, alikichukulia kwa uzito na kuona kinafanana na yale ambayo Liszt alikuwa akiyaandika uzeeni. Mwaka uliofuata ikatoka santuri. Mtunzi mwingine, Richard Rodney Bennett, alisema muziki kama ule huwezi kuughushi bila miaka mingi ya mafunzo.

Wengine walikataa. Walisema vipande ni vifupi, vinafanana mno na kazi zinazojulikana, na mtu mwenye sikio zuri anaweza kuiga mtindo bila kujua kwamba anaiga. Katika hoja zao ipo moja inayonishika. Beethoven alipokuwa hai hakutulia mahali pamoja. Kazi zake za mwisho hazifanani na za ujana wake. Huyu wa Balham amekaa kaburini tangu 1827, zaidi ya miaka mia moja na thelathini, na bado anatunga kama Beethoven tuliyekwisha kumsikia. Hajajifunza kitu huko aliko? Anafanana zaidi na Beethoven anayekumbukwa na mtu mwingine.

Na kumbukumbu, ndugu zangu, ina tabia ya kusahau ilikotoka. Robert Schumann, mtunzi wa Ujerumani, usiku mmoja wa Februari 1854 aliamka akasema malaika wanamwimbia. Aliandika melodia hiyo, akasema imetoka kwa watunzi Schubert na Mendelssohn, ambao wote walikuwa wamekufa. Ilikuwa melodia tamu, naye akaanza kuitungia vipande vya kuirudia kwa namna mbalimbali. Kumbe inafanana kabisa na sehemu ya kati ya konsato ya fidla, yaani kazi ya fidla na okestra, aliyoiandika mwenyewe miezi michache tu nyuma, mwaka 1853. Akili yake ilikuwa imeugua kiasi kwamba sauti yake ilimrudia kama ya mgeni, naye hakuitambua. Siku chache baadaye alijitupa katika mto Rhine. Waliomwokoa walimtoa akiwa hai, akaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kufia huko 1856. Nikiipiga melodia ile hunijia huzuni. Mtu amepokea zawadi, na aliyempa ni yeye mwenyewe, wala hajui.

Konsato yenyewe ilifichwa. Mwaka 1933, huko London, mpiga fidla Jelly d'Arányi alisema roho ya Schumann imemwomba aitafute na aipige. Hati ikapatikana katika maktaba ya taifa huko Berlin, na konsato ikapigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1937. Watu walistaajabu. Lakini mpiga fidla Joseph Joachim, ambaye Schumann alimwandikia konsato ile na ndiye aliyeizuia isipigwe, alikuwa ndugu wa damu wa bibi au babu yake Jelly. Kwenye ukoo wa wanamuziki, mtoto husikia mambo ya wakubwa akiwa chini ya meza, na hayafutiki.

Sasa swali la jina: wimbo wa kuoteshwa uandikwe jina la nani? Kule London, miaka ya 1920, lilifika mahakamani. Mama mmoja, Geraldine Cummins, alikuwa akiandika maandishi aliyodai yanatoka kwa roho ya mtu wa zamani sana. Bwana aliyeketi naye na kuyanakili akadai haki za maandishi yale ni zake. Jaji hakuingia katika habari za roho. Aliona kwamba mamlaka yake hayafiki kwa wafu, na kwamba aliyefanya kazi ya kuandika ni mama yule, hivyo haki ni yake. Mimi si mwanasheria, lakini hukumu ile naiheshimu kuliko mabishano yote ya wataalamu wa muziki.

Naiheshimu kwa sababu kuna mtu niliyemkosea. Shangazi yangu, njia ya Urambo, alikuwa na nyimbo ambazo alisema anapewa ndotoni na kaka yake. Kaka huyo alikuwa manju wa ngoma, amekufa zamani. Nilipoanza ualimu wa kwaya niliunukuu mmoja kwa sol-fa, nikaupangia sauti nne, tukauimba siku ya somo wa parokia, watu wakapiga vigelegele. Juu kulia, mahali pa jina la mtunzi, niliandika "Wimbo wa asili". Nilipomwonyesha karatasi, alisema tu, "Vizuri, baba. Ni wa kaka." Nikaridhika.

Miaka ikapita, shangazi akafariki. Nikaurudia wimbo ule nikiwa na madaftari yangu yote mezani. Mstari wa kwanza niliutambua, ni wa wimbo wa kulimia ambao wazee wengi wa huku wanaujua. Mstari wa pili sikuupata popote. Pale ambapo kila sikio linangoja do, sauti inashuka hadi la ya chini na kukaa hapo mapigo matatu, kisha inainuka ghafla. Nilihangaika na yale mapigo matatu, nikijiuliza kaka mtu aliyatoa wapi, maana ngoma yake haikwenda hivyo. Mpaka siku moja nikiwa uani nikamsikia mke wangu akitwanga. Mchi unapanda, pumzi inashikwa, mchi unashuka. Shangazi alitwanga kila siku tangu utoto. Kaka yake manju hakuwahi kushika mchi maisha yake yote.

Karatasi mlizogawiwa ni mpya. Lile neno "asili" nimelifuta, na juu kulia lipo jina lake kamili, na chini yake nimeandika kwamba yeye alisema aliupokea kwa kaka yake, kwa kuwa ndivyo alivyosema. Sauti ya kwanza, simameni. Kwenye la ya mstari wa pili msiharakishe, subirini mchi upande. Haya, tupate do.