Asiyesoma Haitwi: Karatasi Inavyomfungia Mtu Tiba na Kinga

Ndugu wasikilizaji, nianze na pakiti ya dawa. Imeandikwa: vidonge viwili, kutwa mara mbili. Mwaka 2006 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwataka wagonjwa 395 wasome maelezo ya namna hiyo. Kati ya wale wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 71 waliyasoma sawasawa. Walipotakiwa kuhesabu vidonge vya siku nzima, ni asilimia 35 tu waliotoa vinne. Mtu anatamka kila neno bila kukosea, kisha vidonge anakosea.

Mtu huyo ukimuuliza "umeelewa?" atajibu ndiyo, na wala hasemi uongo. Mwingine hajui kusoma kabisa, lakini atakwambia miwani ameisahau nyumbani, au fomu ataijaza mwanawe. Aibu hii ni nzito jamani. Wapo wanaoacha kwenda kutibiwa kwa kuogopa dirisha la mapokezi tu, pale unapopewa fomu na kalamu foleni nzima ikikutazama.

Kwenye kinga hali ni mbaya zaidi. Mgonjwa huletwa na maumivu, asome asisome. Lakini shinikizo la damu kwa kawaida haliumi, na saratani ya shingo ya kizazi inapoanza haiumi. Kinachomwita mtu akapimwe ni bango, barua, ujumbe wa simu. Kinachomrudisha mtoto kwenye chanjo ni tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Asiyesoma haitwi. Na karibu theluthi mbili ya watu wazima wasiojua kusoma duniani ni wanawake, ambao ndio hasa wanaoshika kadi hizo.

Tuweke picha, basi? Zinasaidia, ila mshale, au mwezi wa kuashiria usiku, navyo husomwa, na vinahitaji kufundishwa.

Ninalolitetea mimi ni hili. Mhudumu aseme: "Mama, nataka nihakikishe nimekueleza vizuri. Hebu nionyeshe dawa hizi utakavyozimeza kesho, tangu asubuhi mpaka usiku." Hapo anayepimwa ni mhudumu. Mama akitoa viwili badala ya vinne, aelezwe upya, kwa maneno mengine, kisha ahesabu tena. Najua foleni ni ndefu. Lakini aliyekosea dozi atarudi kwenye foleni ile ile akiwa amezidiwa. Na aulizwe hivyo kila mgonjwa, hata mwenye shahada, ili asiyejua kusoma asijulikane kwa kuulizwa peke yake.