Simtangi Liko Juu, Shawa Inachuruzika: Presha Inapotelea Wapi?

Assalaam aleikum.

Malalamiko ya nyumba zetu ni yale yale, Unguja na Pemba: simtangi liko juu ya paa, limejaa, na shawa inachuruzika. Mwenye nyumba anakimbilia pampu. Kabla hajatoa fedha, tuyafuate maji njiani.

Maji yaliyotulia hayana tabu. Kila mita 1 ya kimo hutoa presha ya takriban ba 0.1 (ba, yaani "bar", ni kipimo cha presha). Simtangi lililo mita 4 juu ya shawa linatoa ba 0.4, liwe la lita 500 au 5,000.

Yakianza kutembea ndipo mambo yanapobadilika. Mwaka 1883, mjini Manchester, Uingereza, mhandisi Osborne Reynolds alitia uzi wa rangi kwenye maji yanayopita ndani ya bomba la kioo. Yalipokwenda polepole uzi ulinyooka. Kasi ilipozidi ulivurugika. Paipu zetu ukizifungua sawasawa zina vurugu hiyo, na vurugu inakula presha. Chukua lita 12 kwa dakika, paipu ya mita 20. Tundu, yaani upana wa ndani, la mm 15 linakula zaidi ya mita 2 za zile 4 za kimo. Tundu la mm 20 linakula kama sentimita 60. Tofauti ni mm 5 tu!

Hapo namba huwaponza mafundi. Paipu ya plastiki ya kuchomea iliyoandikwa 20 imepimwa kwa nje. Ukuta wake ukiwa mm 3.4, tundu linabaki mm 13.2. Na ukiipasha moto kupita kiasi, plastiki hujikunja ndani ya kiungo ikafanya pete. Kwa nje huioni.

Kuitafuta kasoro, funga mpira mweupe, unaoonyesha maji, kwenye mfereji mmoja, uupandishe ukutani hadi kimo cha simtangi. Fungua mfereji huo, mingine yote ifungwe: maji yatasimama usawa wa simtangi. Sasa fungua wa jirani yake. Maji yatashuka mpirani, na kadiri yanavyoshuka ndiyo presha iliyoliwa njiani. Hamisha mpira, mfereji kwa mfereji, kuelekea simtangi, huku ule wa jirani ukiendelea kutoka. Pale kimo kinaporuka ghafla, kata paipu baina ya mifereji hiyo miwili.

Maji yakikatika kabisa ilhali simtangi limejaa, tazama paipu iliyopanda kisha ikashuka: hewa imenasa kwenye nundu. Hiyo ilazwe upya, iteremke mfululizo.