Kamba Iko Nguvu, Lakini Mbele ya Nini? Mazungumzo na mafundi wa Kibuye, Kisumu

Asanteni kwa kupata nafasi, najua kuna watu wameacha wateja kwa benchi. Leo ni nyuzi: kamba, mikanda, ovaroli, vitu tunavyoamini vitashika. Mimi huulizwa kila saa kamba gani iko nguvu kushinda zingine, na mimi huuliza nguvu mbele ya nini, manake moto una yule anayeuweza, asidi ina wake, jua nalo lina wake, na uzi wa kushinda wote sijauona.

Tuanze na nyinyi wa kuchaji betri, juu suruali zenu naziona kutoka hapa. Asidi ya betri ni ya salfa, betri ikiwa imejaa chaji ni kama asilimia 35 hivi, hiyo ingine yote maji. Tone likiangukia jinzi huoni kitu, unapangusa na mkono unaendelea na kazi. Sasa maji yanakauka lakini asidi yenyewe haikauki, inabaki kwa kitambaa ikizidi kuwa kali. Pamba ndani yake ni minyororo mirefu ya glukosi imeshikanishwa, na asidi inakata pale kwa maungio, halafu ubaya ni kwamba ikikata haiishi, inahamia ungio lingine, ndio maana katone kadogo kanaleta hasara kubwa hivyo. Kwa macho uzi bado mzima kabisa. Siku ya kufua, mama watoto akisugua kidogo tu matundu hayo, na wewe unalaumu sabuni! Kitambaa kikiguswa na asidi kimwagie maji mengi saa hiyo hiyo, si jioni.

Nailoni je? Watu hudhani juu inatoka kiwandani basi haiguswi. Asidi inaikata vibaya sana, kostiki soda, ile dawa kali ya kuosha injini, ndio haiisumbui. Polista ni kinyume, asidi inaivumilia kiasi lakini kostiki ya moto inaitafuna kutoka nje kuja ndani mpaka uzi unakuwa mwembamba, na viwanda vingine hufanya hivyo makusudi, kidogo tu, ndio kitambaa cha polista kilainike kama hariri. So wale wa kuosha injini na kostiki, msiining'inize na mkanda wa polista halafu mmwage dawa juu yake, tafadhali.

Ile manila ya bei rahisi, polipropilini, ni kaboni na hidrojeni peke yake, haina ungio la kukatwa, asidi na kostiki zote zinapita tu. Ungedhani ndiyo mfalme. Lakini ikifika digrii 165 hivi inayeyuka, na jua ndio huimaliza, mmeiona ile ya kufungia turubai ikianza kutoa vumbi ukiishika.

Na kwa moto msingoje mpaka kitu kiyeyuke. Polista na nailoni zinayeyuka juu ya digrii 200, lakini mikanda ya kuinulia mizigo ile ya kiwango cha Ulaya mwisho wake ni digrii 100 tu, ya polipropilini 80. Angalieni lebo: buluu ni polista, kijani nailoni, kahawia polipropilini. Ekzosi ya gari iliyotoka safari inapita hapo mbali sana. Katani kama ile ya Mogotio haiyeyuki, inaungua na kuwa makaa, pamba vilevile, ndio maana mtu wa kuweldi hafai kuvaa polista, cheche ikiingia inayeyuka na kushikana na ngozi, na kuibandua hapo ni kazi ya daktari.

Kuna kijana ameniuliza Kevlar, ule uzi wa fulana za kuzuia risasi. Hiyo aligundua mama anaitwa Stephanie Kwolek, Marekani, 1965, akifanya kazi DuPont. Minyororo yake ni migumu, imenyooka, imepangwa imeshikana ubavu kwa ubavu, kwa hivyo haina kuyeyuka. Lakini hata hiyo inachoka: ukiiweka digrii 160 kwa masaa 500 inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu, ukipandisha mpaka 260 masaa 70 tu nusu imeenda. Unaona, si joto peke yake, ni joto na muda. Na usiifue na Jik, klorini inaiharibu.

Mzee hapo nyuma anasema mkanda wake uko na mahali pamekuwa pagumu panang'aa, lebo ilitoka kitambo, atashona? Hapana mzee wangu. Hapo palishayeyuka na hujui hata ni wa nini. Usishone, na usifunge fundo, fundo lenyewe linaweza kula karibu nusu ya nguvu iliyobaki. Ukionea uchungu kuutupa, ukate vipande vifupi vya kufungia kuku, juu ukibaki mrefu kuna mtu ataokota na kuinulia injini kesho.